Rimu Ianze na Breki: Saizi ya Magurudumu kwa Gari la Kasi Pwani ya Bagamoyo

Gari la kasi pwani ya Bagamoyo mara nyingi ni gari lililoanza maisha yake Japani: Subaru Impreza WRX, Forester yenye turbo, Toyota Altezza, Mark X, Crown Athlete. Limeshushwa bandari ya Dar es Salaam likiwa limeshatumika miaka kadhaa, likapata namba za Tanzania, na sasa mwishoni mwa juma linapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege kwenda Dunda, mjini Bagamoyo. Kabla mwenye gari hajagusa injini, kitu cha kwanza anachobadilisha ni magurudumu. Inchi 16 zinatolewa, zinaingia 17. 17 zinatolewa, zinaingia 18. Mwenye uwezo anafika 19. Wauzaji wa rimu wa Gerezani na Ilala wanajua soko linaelekea wapi, nalo linaelekea juu. Ninapinga mwelekeo huo, na ninaupinga kwa sababu za kasi yenyewe. Anayenunua gari la kupigia picha ana vigezo vyake na sina ugomvi naye. Ninayemzungumzia ni yule anayetaka gari lake likimbie, lisimame na likate kona vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani. Huyo, kwa barabara hizi, achague rimu ndogo kuliko zote zinazoweza kuzunguka juu ya breki zake, aivike tairi lenye kipenyo kile kile cha kiwandani, na fedha inayobaki aiweke kwenye ubora wa mpira.

Tuanze na hesabu, maana mabishano mengi ya vijiweni huisha pale namba za ubavuni zinaposomwa kwa makini. Tairi la 215/45R17 lina upana wa milimita 215. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 97, nalo hukaa kwenye rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 625. Piga hesabu hiyo hiyo kwa 205/55R16, unapata 632. Kwa 225/45R17 ni 634. Kwa 225/40R18 ni 637. Kwa 225/35R19 ni 640. Yakisimamishwa pamoja, matairi hayo yote yanakaribiana kimo. Kinachotofautiana ni mgawanyo wa ndani. Tairi la 205/55R16 lina milimita 113 za mpira na hewa kati ya rimu na barabara. La 225/35R19 limebaki na 79. Karibu theluthi moja imeondoka. Anayenunua rimu kubwa, basi, anapata gurudumu lenye ukubwa ule ule lakini alumini ikiwa nyingi na hewa ikiwa kidogo, na inabidi ajiulize hewa aliyoitoa ilikuwa inamfanyia kazi gani.

Viwanda vilivyotengeneza magari haya vimeshalijibu swali hilo kwa vitendo. Impreza WRX ya kizazi cha pili ilipoingia Marekani kama toleo la mwaka 2002 ilivaa 205/55R16. Gari hilo hilo Japani na Uingereza liliuzwa likiwa na 215/45R17. Diski zake za mbele zina kipenyo cha takriban milimita 290, zinaenea ndani ya rimu ya inchi 16, na ndiyo maana kiwanda kilikuwa na uhuru wa kuchagua kulingana na soko. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi, WRX STI, hakuwa na uhuru huo. Alipofungwa breki za Brembo zenye diski za mbele za milimita 326, rimu ya 16 haikuwa tena na nafasi ya kutosha, ikabidi iwe 17 yenye tairi la 225/45. Hiyo 17 ilidaiwa na breki. Toyota nayo, kwenye Crown iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2003, ilimpa mnunuzi wa Royal Saloon 215/60R16 na mnunuzi wa Athlete 225/45R18. Vipenyo vyake ni milimita 664 na 660, tofauti ya milimita nne tu, kwa sababu spidomita, gia na nafasi ya bodi juu ya tairi vilipimwa kwa kipenyo hicho. Kiwanda kinapobadilisha rimu hulinda kipenyo kwanza. Fundi wa mtaani anayefunga 235/40R18, yenye milimita 645, mahali pa 215/45R17 ameongeza zaidi ya asilimia 3: gia zote zimerefuka, gari limekuwa zito kuondoka, na spidomita sasa inasoma pungufu ya mwendo halisi, jambo baya kwa dereva anayepita vijiji vyenye kibao cha 50 kimoja baada ya kingine.

Msomaji atasema Athlete hiyo hiyo inathibitisha kwamba inchi 18 ni saizi halali ya kiwandani. Ni kweli, na ninaikubali bila kusita. Lakini barabara zilizokuwa mbele ya macho ya mhandisi aliyeichagua zilikuwa za kulipia za Japani, ambako lami hukaguliwa na kurekebishwa kwa ratiba. Alichagua vizuri kwa mahali pake. Mwenye Athlete wa Bagamoyo anaweza kumheshimu mhandisi huyo na bado akajaribu kama 17 zinapita juu ya breki zake, kwa sababu swali lililojibiwa kule halikuwa na mashimo ndani yake.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko jirani. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, na katika miaka yake ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara za nchi hii ni sehemu ya historia ya namna magari ya kasi yalivyojifunza kuishi Afrika Mashariki. Ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, safari hii Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, magari ya daraja la juu yalikimbia juu ya rimu za inchi 15. Magari ya daraja hilo yakienda kushindana kwenye lami ya Ulaya huvaa 18. Jambo la kutazama ni breki. Kwenye lami diski za mbele huwa na milimita 370. Kwenye changarawe hushushwa hadi 300. Timu yenye bajeti kubwa na wahandisi wa hali ya juu inakubali kupunguza breki ili rimu ndogo iweze kuingia, na rimu ndogo inatakiwa ili ubavu wa tairi uwe mrefu wa kutosha kumeza mawe na kingo za mashimo bila kukatika.  

Sidai kwamba barabara ya Bagamoyo ni changarawe ya Naivasha. Ni lami, na sehemu zake ni lami nzuri. Hata hivyo dereva wake hukutana na kingo za lami zilizomomonyoka, matuta na rasta kwenye kila kijiji, viraka vilivyotuna au kutitia, na malori yanayoibonyeza tabaka ya chini mpaka juu pafanye mawimbi. Akifika Bagamoyo akashika njia ya Kaole, ya Makurunge au ya kuelekea Saadani, lami haimfuati kila mahali. Gari moja, siku moja, tairi lile lile. Kwa hiyo saizi yake inapaswa kukaa kati ya zile mbili za mbio, yaani 16 au 17, na breki ndizo ziamue ni ipi kati ya hizo. Na ieleweke kwamba hata lami safi kupita zote duniani haikuwahi kudai rimu kubwa. Magari ya Formula One yalitumia inchi 13 mpaka mwaka 2021, yakahamia 18 mwaka 2022. Zile 13 zilitokana na kanuni, hivyo siwezi kuzitumia kuthibitisha kwamba ndogo ni bora daima. Ninachosema ni kwamba kwa miongo mingi magari yaliyokata kona kwa kasi kubwa kuliko yote yalifanya hivyo juu ya mbavu nene.

Tairi linapogonga ukingo wa shimo, kazi ya kwanza ni ya hewa iliyo ndani yake. Ubavu hujikunja, hewa hubanwa, na sehemu ya pigo hupotea kabla haijafika kwenye rimu, shokapu, bolijointi na beringi. Ubavu mrefu una safari ndefu ya kujikunja; mfupi hufika mwisho mapema, mpira ukabanwa kati ya ukingo wa rimu na ukingo wa shimo. Hapo nyuzi za ndani hukatika na baada ya siku chache ubavu unatoa uvimbe, au rimu inapinda, au inapasuka kwa ufa mwembamba unaovujisha upepo taratibu. Wapo wanaojibu kwamba wao huona mashimo na kuyakwepa. Mchana wa kiangazi, sawa. Usiku wa masika shimo lililojaa maji lina rangi ya barabara, na anayelikwepa ghafla anaweza kukuta bodaboda pembeni yake. Kuna pia suala la mzigo, ambalo wengi hawalisomi kabisa. Tairi la 205/55R16 la kawaida lina namba 91, maana yake linabeba kilo 615. Lile la 225/35R19, hata lililoimarishwa, huwa na namba 88, yaani kilo 560, tena kwa upepo mwingi zaidi. Kwa matairi manne, gari limepoteza uwezo wa kilo 220, na WRX ile ile bado inapakia watu watano na mizigo yao kwenda pwani.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu ni ya mshiko na wepesi wa usukani. Ubavu mfupi haupindi sana kwenye kona. Ukikata usukani, gari hujibu mara moja. Hilo ni kweli, na dereva mzuri hulihisi. Ila hoja hiyo husemwa kana kwamba rimu ndiyo inayoshika barabara. Eneo la tairi linalogusa lami hutegemea zaidi uzito uliolikalia na upepo uliomo ndani. Tairi pana hubadilisha umbo la eneo hilo, likawa fupi na pana, bila kuliongeza kama watu wanavyodhani. Kinachoamua mshiko ni mchanganyiko wa mpira na uwezo wa mpira huo kuendelea kugusa lami. Kwenye mawimbi na viraka, gurudumu linaloruka halina mshiko wowote, hata likiwa na upana wa milimita 255. Na tairi la 205/55R16 la mtengenezaji makini, lililobuniwa kwa gari la kasi, litasimama kwa umbali mfupi kuliko 225/40R18 la bei ya chini ambalo mpira wake umefanywa mgumu ili lidumu. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiache uzalishaji, kila tairi jipya la gari dogo linalouzwa nchini linatoka nje, na ndani ya saizi moja ubora unatofautiana kupita tofauti ya saizi na saizi. Mwenye bajeti ya kiasi fulani analazimika kugawa kati ya rimu na mpira. Akipanda inchi mbili, mpira ndio unaolipia.

Tuangalie pia mwendo wa kasi kwenye njia hii una sura gani. Hakuna kona ndefu ya kilomita mbili inayohitaji usukani wa wembe. Kuna kushika breki kabla ya tuta, kuondoka tena, kupita lori, kushika breki kwa mtoto wa shule anayevuka Mapinga, kuondoka tena. Gari la kasi hapa linaishi kwa breki na kwa kuondoka, na vyote viwili huumizwa na uzito unaozunguka. Rimu ya 18 ya aina ile ile huwa nzito kuliko ya 16, lakini hata zingelingana uzito, ukanda wa alumini unaobeba tairi umesogea mbali na katikati: 18 kwa 16 ni mara 1.125, na ukaidi wa kitu kuzungushwa hukua kwa mraba wa umbali huo, yaani karibu asilimia 27 zaidi kwa ukanda huo. Injini inalipa gharama hiyo kila mara gari linapoondoka, breki zinailipa kila mara linaposimama. Mtu aliyetumia fedha nyingi kubadilisha filta, bomba la moshi na programu ya injini ili apate nguvu kidogo ya ziada anaweza kuirudisha sehemu yake barabarani kwa rimu nzito, asijue imekwenda wapi.

Upana nao una bei yake, na pwani bei hiyo hulipwa wakati wa mvua. Mwaka 1963 watafiti wa NASA walitoa kanuni, iliyotokana na matairi ya ndege, inayokadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji kutokana na upepo uliomo. Kwa tairi lenye psi 32 kanuni hiyo hutoa kama kilomita 94 kwa saa. Kwa psi 22, kama 78. Kwa gari dogo ni makadirio tu, na tairi lenye meno marefu huchelewa zaidi kuelea, lakini mambo mawili yanabaki wazi. Upepo pungufu ni hatari kubwa kwenye mvua, na eneo la mguso lililo fupi na pana hukusanya maji mengi mbele yake huku likiwa na urefu mdogo wa kuyasukuma pembeni. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka si matukio ya nadra Bagamoyo. Mtu aliyetoka 205 kwenda 245 kwa ajili ya kona za kiangazi amejipunguzia usalama kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Na upana wa tairi uende na upana wa rimu: 205/55R16 inataka rimu ya kati ya inchi 5.5 na 7.5, 225/45R17 inataka 7 hadi 8.5. Kulivuta tairi jembamba juu ya rimu pana ili mbavu zilale ni kuunyima ukingo wa rimu kinga yake na kuliweka tairi mahali ambapo shimo moja linaweza kulichomoa.

Saizi sahihi ikishapatikana, kuna vipimo vitatu visivyoandikwa kwenye tairi, na hapa ndipo makosa ya hatari hufanyika. Cha kwanza ni duara la nati. WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina mashimo matano kwenye duara la milimita 100. Altezza, Crown na Mark X zina 114.3, na Subaru yenyewe iliihamisha STI kwenda 114.3 kuanzia toleo la 2005. Rimu ya gari la Ujerumani yenye 112 hukaribia 114.3 kiasi kwamba fundi mwenye haraka anaweza kuikaza ikaingia. Boliti hapo zimepinda kidogo tangu siku ya kwanza, na boliti iliyopinda hukatika. Cha pili ni tundu la katikati. Habu ya Subaru ina milimita 56.1, ya Toyota hizo 60.1, na rimu za madukani mara nyingi huja na tundu kubwa zaidi ili ziuzike kwa kila gari. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo rimu haikai katikati, na usukani hutetemeka kwenye mwendo wa kilomita 90 au 100 hata baada ya baransi kupimwa mara tatu. Cha tatu ni ofseti, umbali kati ya katikati ya rimu na uso unaoegemea habu. Impreza hizi zilitoka na takriban milimita 48 hadi 55. Anayefunga rimu yenye 35, au anayeongeza spesa, amelisukuma gurudumu nje kwa sentimita moja na zaidi. Linaonekana limesimama kwa ujasiri, lakini beringi sasa inabeba mzigo ulio mbali nayo, usukani unavutwa na kila bonde la barabara, na tairi linagusa bodi gari likipakia watu. Muuzaji akishindwa kutaja vipimo hivi vitatu kwa rimu anayoiuza, mnunuzi ana sababu ya kutosha ya kuondoka dukani.

Kwa Subaru kuna jambo lingine ambalo lingepaswa kuamua saizi hata kama yote niliyosema yangekuwa na shaka. Magari haya huvuta kwa magurudumu manne, na Subaru huelekeza kwamba matairi manne yasipishane mzingo kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni mzingo, si kipenyo. Kwa kipenyo ni milimita 2 tu, tofauti ambayo tairi jipya na lililoliwa nusu huivuka kwa urahisi. Tofauti ikizidi hapo, difa ya katikati haipumziki hata gari likienda sawa; mfumo wake huchemka na mwisho hukwama au kuungua. Sasa weka kanuni hiyo juu ya barabara yetu. Tairi la 19 limepata uvimbe Kerege. Saizi hiyo haipo Bagamoyo, na Dar es Salaam iliyopo ni ya kampuni nyingine. Mwenye gari anafunga moja jipya pamoja na matatu yaliyoliwa nusu, kwa sababu bei ya manne haipo mfukoni. Tairi lenye ubavu mfupi limevunja difa kwa mkono mrefu. Aliyechagua 205/55R16, saizi inayotumiwa na magari mengi mno duniani, ana nafasi kubwa ya kupata linalofanana, na ubavu wake mrefu unampunguzia uwezekano wa kulihitaji.

Watu wanapenda rimu kubwa kwa sababu zinapendeza, na sioni haja ya kuwabeza. Uzuri wa gari ni sehemu ya furaha yake, hasa gari lililonunuliwa kwa jasho. Ila uzuri huo hautoki kwa inchi peke yake. Gurudumu la 17 lenye ofseti inayolingana na bodi, tairi lililojaa sawasawa kwenye rimu, na gari lililokaa kwenye kimo chake bila tairi kuzama ndani ya bodi au kuchomoza nje huvutia macho ya anayejua magari. Ninachoshindwa kukubali ni gari lililoshushwa springi na kufungwa 19 wakati huo huo. Springi zilizokatwa zimeondoa safari ya shokapu, rimu kubwa imeondoa safari ya tairi, na pigo la shimo sasa linakwenda moja kwa moja kwenye mwili wa gari na kwa waliomo. Hapo hakuna kasi tena. Dereva anatambaa kwenye kila rasta, akipitwa na Noah iliyojaa abiria.

Chumvi inastahili nafasi yake katika uamuzi huu. Hewa ya bahari ya Bagamoyo huingia chini ya rangi ya alumini palipokwaruzwa na ukingo wa barabara au chuma cha kuchomolea tairi, ikatengeneza unga mweupe unaoinua rangi. Ukifika mahali mdomo wa tairi unapoegemea rimu, tairi linapoteza upepo taratibu, na upepo pungufu hurudisha hatari zote mbili zilizotajwa, ya mashimo na ya mvua. Rimu za bei nafuu zisizo na alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za alumini, na rimu zilizonyooshwa na kuchomelewa baada ya kupinda ndizo zinazotegemewa kidogo kabisa, na soko la 18 na 19 za mitumba limejaa za aina hiyo kwa sababu ni saizi zinazopinda sana. Rimu za kiwandani za 16 au 17 zilizotoka na gari lenyewe, zikisafishwa na kupakwa rangi upya, mara nyingi ni imara kuliko kitu chochote kilichoning'inizwa dukani. Umri wa tairi nao usomwe: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka, kwa mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira hukauka kwenye joto la pwani hata ukiwa haujatembea, na tairi la mtumba lenye meno marefu linaweza kuwa limeshakufa. Upepo upimwe asubuhi gari likiwa limepoa. Kila nyuzi joto tano au sita huongeza kama psi moja, hivyo anayepima mchana wa jua baada ya kutoka Bunju atapunguza upepo ambao ataukosa alfajiri.

Pingamizi la mwisho linahusu wakati ujao. Barabara zinajengwa. Ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata imeshawekwa lami na kuiunganisha pwani na njia kuu ya kaskazini, na kazi ya kuiunganisha Bagamoyo na Tanga kupitia Saadani na Pangani inaendelea. Je, hoja hii haitazeeka lami ikishafika kila mahali? Kwa sehemu, itazeeka. Siku ambapo mtu ataweza kwenda Dunda hadi Pangani juu ya lami laini, mwenye WRX ya kawaida atakuwa na sababu nzuri ya kuvaa 215/45R17 ile ya Japani badala ya 205/55R16 ya Marekani, kwa sababu usukani utajibu vizuri zaidi na ubavu wa milimita 97 utatosha. Lakini lami mpya hupitishwa malori yale yale, hufuatwa na matuta kila kijiji kinapokua kando yake, na hulowa masika yale yale. Ili 18 iwe na haki juu ya gari hilo, kitu kingine kinapaswa kubadilika kwanza: mwenye gari awe amefunga breki ambazo 17 haiwezi kuzunguka juu yake, na awe anazitumia kiasi kwamba diski zile za milimita 290 zimekuwa zikichemka na kufifia. Wachache wamefika huko. Waliofika wataijua saizi yao kwa kupima nafasi iliyobaki kati ya kalipa ya breki na ndani ya rimu, kazi ya dakika chache kwa rula na kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo lake, kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni.